Taa ya LED kwa mawe ya tochi: chagua rezista ifaayo

Mtambo wa kwanza wa mvuke Olkaria ulianza kuzalisha umeme mwaka wa 1981. Hata hivyo, bado kuna maboma jirani yanayomulikwa na mawe ya tochi. Wakazi wanaojiundia taa za LED wanahimizwa wasisahau rezista, kifaa kidogo kinachodhibiti mkondo wa umeme. Bila rezista, LED hupata joto kupita kiasi na kuungua.

Hesabu ni rahisi. Toa volti za LED kutoka kwa volti za mawe, kisha gawanya kwa mkondo. LED nyeupe ndogo hutumia takriban volti 3 na ampea 0.02. Mawe manne ya volti 1.5 yaliyopangwa mfululizo hutoa volti 6. Sita toa 3 ni 3. Gawanya kwa 0.02, upate omu 150. Rezista hiyo ina mistari ya kahawia, kijani na kahawia. Ukiikosa, chukua yenye omu zaidi: mwanga utafifia kidogo, lakini LED itadumu.

LED kali ya wati 1 ni tofauti, kwani hupitisha hadi ampea 0.35. Kwa mawe manne, tumia rezista ya omu 10 inayohimili wati 2. Ile ya robo wati itaungua. Rezista hii hupata moto, hivyo iwekwe mbali na nguo, karatasi na nyasi. LED nayo ifungwe kwenye kipande cha alumini kinachopunguza joto.

Ukisikia harufu ya kuungua, ondoa mawe mara moja.