Lobelia: Mbegu Haifukiwi

Msimu uliopita tulipoteza mbegu zetu zote za lobelia, lile ua dogo la buluu la kupamba kando ya njia. Kosa lilikuwa letu: tulizifukia kama za sukuma wiki! Mbegu zake ni kama vumbi, nazo zataka mwanga ndipo ziote. Siku hizi twazichanganya na mchanga mkavu, twazinyunyiza juu ya udongo laini ndani ya karai kuukuu lenye matundu, basi. Karai twalikalisha kwenye beseni la maji, lifyonze kutoka chini. Ukimwagilia juu zitasombwa. Huota baada ya wiki mbili au tatu. Miche huhamishwa kwa vishada, si mmoja mmoja. Maua ya kwanza yakinyauka, punguza mmea kwa nusu, utachanua tena. Watoto na mbuzi wasiule, una sumu.