Miwani ya Uhalisia Pepe: Fedha za Shule Ziwekwe Wapi?

Mwanafunzi wa Mwamapalala, katika Wilaya ya Itilima, amekulia kati ya mashamba ya pamba na makundi ya ng'ombe. Bahari iko mamia ya kilometa kutoka kwao, na Ol Doinyo Lengai, mlima utemao zaha, anaujua kwa mchoro wa ubaoni tu. Siku hizi vimetokea vyombo vinavyoahidi kumfikisha huko bila kutoka darasani. Je, shule ivinunue? Swali hili si la kuachiwa wauzaji walijibu peke yao.

Vyombo hivyo ni vya aina mbili. Katika uhalisia pepe mtazamaji huvaa miwani mizito inayoziba macho yote. Kila jicho huoneshwa picha yake, tofauti kidogo na ya jicho la pili, hivyo akili huona kina. Kichwa kikigeuka, picha nayo hugeuka. Katika uhalisia ulioongezewa, mtazamaji huendelea kuona meza na wenzake, ila juu ya vitu hivyo hubandikwa picha, kwa mfano moyo unaodunda juu ya ukurasa wa kitabu. Aina hii ya pili huhitaji simu tu, na kwa maoni yangu ndiyo iliyo karibu zaidi na uwezo wetu.

Wazo lenyewe si geni. Ivan Sutherland alitengeneza chombo cha kuvaliwa kichwani nchini Marekani mwaka 1968. Fedha nyingi zilimiminika baadaye. Mwaka 2014 Facebook iliinunua kampuni ya Oculus kwa takriban dola bilioni 2, na mwaka 2022 peke yake idara yake inayoshughulikia vyombo hivi ilipata hasara ya karibu dola bilioni 14. Microsoft nayo iliacha kutengeneza miwani yake ya HoloLens mwaka 2024. Kwa mwalimu, funzo kubwa zaidi liko kwa Google: mwaka 2015 ilianzisha safari za darasani zilizoitwa Expeditions, na mwezi Juni 2021 ikazifunga. Mwalimu aliyekuwa ameandaa masomo ya mwaka mzima juu ya programu hiyo alibaki na chaki yake. Matajiri wanaweza kustahimili hasara ya namna hiyo. Mfuko wa shule ya kata hauwezi.

Na tufanye hesabu. Miwani ya bei nafuu ya Meta iliyotoka mwaka 2024 iliuzwa Marekani dola 299, kabla ya usafiri na ushuru. Miwani 4 ni dola 1,196. Darasa la wanafunzi 60 litahitaji zamu 15. Katika vipindi viwili vya pamoja, yaani dakika 80, kila mwanafunzi atapata dakika 5 na kidogo, bila kuhesabu muda wa kuvaa, kuvua na kufuta vioo. Wenzake 56 wanafanya nini wakati huo? Mwalimu asiye na jibu la swali hilo hajaandaa somo, hata akiwa na miwani 40.

Lipo kosa jingine, nalo ni kutumia chombo mahali kisipohitajika. Kumwonesha mtoto wa Kisukuma moyo wa kuigiza ilhali buchani unapatikana moyo halisi wa ng'ombe, wa kupasuliwa, kushikwa na kunuswa, ni kuikimbia kanuni ya kutoka kwenye kinachojulikana kwenda kwenye kisichojulikana. Miwani inafaa kwa kilicho mbali, cha hatari au kidogo mno kwa macho: sakafu ya bahari, zaha inayochemka, chembe hai kwa ndani.

Tunao mfano wetu wa kale. Kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973 iliwafikia watu wapatao milioni 2 kwa redio. Redio haikuachwa iseme peke yake. Palikuwa na vitabu, vikundi vya kusikiliza, na viongozi wa vikundi waliofundishwa kazi hiyo kwanza.

Kwa sababu hiyo naona kwamba fedha kidogo tulizo nazo ziwekwe kwenye maudhui na walimu kabla ya mitambo. Mwaka 2014 picha za njia za Hifadhi ya Gombe, zinazomzunguka mtazamaji pande zote, ziliwekwa kwenye ramani za Google kwa ushirikiano na Taasisi ya Jane Goodall. Picha hizo huonekana hata kwenye simu ya kawaida au kompyuta moja iliyounganishwa na projekta. Chuo cha ualimu chenye kamera moja ya namna hiyo kinaweza kuwatuma wanachuo wapige kiwanda cha kuchambua pamba, bandari na Ziwa Natron, waandike maelezo kwa Kiswahili, kisha wahifadhi kazi hiyo kwenye diski ya chuo chenyewe, ambayo hakuna kampuni ya ng'ambo iwezayo kuifunga.

Somo la zaha basi liende hivi. Kabla ya picha, wanafunzi waandike wanachotarajia kuona. Waitazame kwa vikundi kwa dakika 10, kila kikundi na swali lake. Kisha projekta izimwe, na kila mmoja achore mlima huo kwa kumbukumbu, akitaja njia ya zaha kutoka chini hadi kileleni. Mwalimu azikusanye karatasi zote mbili na kuzilinganisha.