Azma ya Kuonja Maakuli ya Ulimwengu

Wako watu wengi siku hizi wanaojiwekea azma ya kuonja vyakula vya mataifa mbalimbali kabla ya mwaka kwisha, na wakaazi wa Kericho na Bomet wakisikia habari hiyo aghalabu hudhani kwamba ni anasa ya matajiri wa Nairobi na Mombasa, wenye mikahawa ya Kichina na ya Kitaliano karibu na milango yao. Mimi, ambaye kazi yangu ni elimu ya lishe, naona kinyume chake, kwa maana ni nadra kuipata nchi ya wakulima ambayo ulimwengu umeingia katika vyungu vyake kama nchi hii ya chai.

Chai yenyewe ni mmea wa Uchina na Assam, uliopandwa Kenya kwa mara ya kwanza huko Limuru mwaka 1903. Na makampuni ya Brooke Bond na James Finlay yalipofungua mashamba makubwa Kericho katika miaka ya 1920, wakaja Wajaluo, Wagusii na Waluhya kuchuma majani, wakakaa jirani na Wakipsigis wenyeji, kila kaumu na mboga zake. Mahindi yametoka Mexico, viazi vya Bomet asili yake ni milima ya Andes, na chapati ni ya Bara Hindi. Lakini wimbi, ambao Wakipsigis huusonga kuwa kimyet, ni mzawa wa nyanda za juu za Afrika ya Mashariki na Uhabeshi, nao ulivuka bahari tangu kale ukafika Bara Hindi, ambako watu wa Karnataka hata leo wanausonga mabonge waitayo ragi mudde, wakayachovya katika mchuzi na kuyameza bila ya kutafuna.

Basi mwenye azma hii na aanze kwa jirani, wala asihesabu nchi. Ulimi wa binadamu umeumbwa kuuogopa uchungu, kwa kuwa sumu nyingi ni chungu, na wataalamu waliowachunguza watoto wameona kwamba chakula kigeni huhitaji kuonjwa mara nane, kumi au zaidi kabla ya kupendwa. Kwa hiyo anayeng'ata tonge moja la kila taifa na kupita hajaonja kitu. Chakula kimoja kwa mwezi, kiliwe mara kadhaa, tena kwa mkono wa mpishi aliyekulia nacho, kinatosha.

Chukua mfano wa mgagani, ambao Wakipsigis huuita isagek, Wagusii chinsaga na Wajaluo dek. Mpishi hodari huchemsha majani, akamwaga maji, akatia maziwa au malai, akakiacha chungu kilale hadi kesho ndipo akipashe moto tena. Na katika usiku huo protini za maziwa huzishika tanini za majani, ukali ukapungua, kama vile maziwa yanavyoilainisha chai ya mkandaa. Kadhalika mursik, maziwa yaliyogandishwa ndani ya kibuyu kilichosuguliwa kwa mkaa wa mti wa senetwet: aliyeizoea chachu yake hatashtushwa na injera ya Uhabeshi, kwani wanaoutia unga wake wa teff ukali ni bakteria wa jamii ileile.

Mjini Kericho pana hekalu kubwa la Masingasinga, ambao wengi wao walikuja Kenya zama za kujengwa reli, kati ya 1896 na 1901, na baada yake. Humo jikoni hupikwa langar, chakula kisicho na nyama na kisichouzwa, naye mgeni wa dini yoyote, akishafunika kichwa na kuvua viatu, huketi chini pamoja na wenzake akala dengu na chapati. Sijui mlango ulio wazi zaidi kuliko huo kwa mwenye kutaka kuwajua watu kwa chakula chao.

Neno moja la tahadhari: mwaka 2016 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani lilitamka kwamba vinywaji vinavyozidi nyuzi 65 za Selsiasi yamkini huleta saratani ya umio, basi chai ipoe kidogo, na hapo ladha yake nayo itasikika.

Na kama ningeulizwa nini kiwe cha kwanza katika orodha ya kutoka ng'ambo, ningetaja lahpet ya Myanmar, ambako majani machanga ya chai, yaleyale mawili na kichipukizi, hutiwa mvuke, yakashindiliwa na kuchachishwa kwa miezi, kisha huliwa yamechanganywa na kitunguu saumu cha kukaanga, karanga, ufuta na kamba wakavu. Tumeyachuma majani hayo kwa karne nzima bila ya kuyala, ilhali wako watu ambao kwao ni kitoweo cha heshima, kinachoandaliwa mgeni anapofika.