Leseni Iliyolipiwa Kabla Hujafika Dukani

Muulize mwenye laptopu ya nyumbani kama amewahi kulipia leseni ya Windows. Aghalabu atakwambia hajui hata inauzwa wapi. Yeye alimpa fundi hela ya kupiga Windows, basi. Kumbe huenda imeshalipiwa. Windows 11 Home ina bei rasmi ya dola 139 za Marekani, lakini wanaoinunua hivyo ni wachache. Mlipaji ni mtengenezaji, kwa bei ya jumla, naye huiingiza kwenye bei ya mashine.

Mtindo huu ni wa siku nyingi. Enzi za DOS, mfumo uliotangulia Windows, Microsoft iliwafunga watengenezaji kwa mikataba ya kulipia kila kompyuta itokayo kiwandani, iwe na DOS au isiwe nayo. Aliyetaka mfumo mwingine akawa analipia miwili. Mikataba hiyo ilikomeshwa mwaka 1994, baada ya Wizara ya Sheria ya Marekani kuingilia kati.

Kinachonivutia zaidi ni mahali leseni inapokaa. Zamani ilikuwa stika chini ya mashine, nayo ilifutika upesi. Tangu Windows 8, mwaka 2012, watengenezaji huandika ufunguo wa herufi na tarakimu 25 ndani ya chipu ya ubao mama, ile inayoamka kwanza ukibonyeza kitufe cha kuwasha. Windows ikisakinishwa huusoma kimyakimya, haikuulizi kitu. Kuanzia Windows 10, seva za Microsoft nazo hutunza utambulisho unaokokotolewa kutokana na vipuri vya mashine. Badili diski, leseni ipo. Badili ubao mama, imekwenda.

Sasa chukua laptopu ya mtumba iliyotumika ofisini Ulaya, ikatua Kariakoo. Kama ilitoka kiwandani na Windows 10 Pro, leseni imesafiri nayo. Fundi akirudishia Pro ileile na kuiunganisha na intaneti, inajithibitisha yenyewe. Lakini wapo mafundi wanaozima antivairasi na kuchomeka flashi yenye kiwezeshi cha KMS.

KMS kwa asili si kitu cha wizi. Ni utaratibu wa mashirika: seva ya ofisi huthibitisha kompyuta zote, mradi zifike 25, na kila moja sharti irudi kujionyesha ndani ya siku 180. Kiwezeshi huigiza seva hiyo ndani ya laptopu yako, nayo ikaamini iko katika ofisi kubwa. Kazi hiyo huifanya kikiwa na mamlaka yote juu ya mashine, ndiyo maana wasambaza virusi hukipenda. Kumwekea leseni ya kughushi mtu mwenye halali! Uharamia angalau una sababu yake.

Fungua dirisha la amri, andika slmgr /xpr. Ikikutajia tarehe ya kuisha, na hiyo si kompyuta ya kazini, fundi wako ana maswali ya kujibu.

Hata hivyo, leseni halali haikuzuia Windows 10 kufikia ukomo wa huduma tarehe 14 Oktoba 2025. Kwa mara ya kwanza, watumiaji wa nyumbani waliwekewa njia ya kuongezewa mwaka mmoja wa viraka vya usalama: dola 30, au bure kwa anayekubali kuhifadhi mipangilio ya kompyuta yake kwenye akaunti ya Microsoft. Watetezi wa walaji Ulaya walilipinga sharti hilo la kuhifadhi, na huko likaondolewa.