Chombo Nacho ni Kiungo: Pipa la Mwaloni na Kibuyu cha Maziwa

Maneno mawili yanatufungulia mlango wa mada hii: mvinyo na pipa. Yote mawili tuliyapokea kutoka kwa Wareno, waliokuwa na makao yao Mombasa tangu mwisho wa karne ya 16 hadi Ngome ya Yesu ilipotwaliwa na Waomani mwaka wa 1698. Katika Kireno, pipa ni chombo cha mbao cha kutilia mvinyo. Sisi tulilichukua tukalitia maji, mafuta na hata taka, na yamkini ndiyo maana wengi wetu hudhani kuwa pipa huhifadhi tu, wala halina kauli juu ya kilichomo. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba dhana hiyo ina kasoro, na kwamba mama yeyote wa Kisii au Nyamira aliyewahi kutunza kibuyu cha maziwa angeweza kutusahihisha bila kuonja tone la mvinyo.

Tuanze na pipa lenyewe. Mwaloni, mti ambao wasomaji wa Biblia wanaukumbuka katika habari za Ibrahimu na mialoni ya Mamre, una mbao ngumu zenye vinyweleo vidogo mno. Mafundi wa Ufaransa huzipasua mbao hizo na kuziacha nje kwa miaka miwili au mitatu, zinyeshewe na kuanikwa juani mpaka ukali wake upungue. Kisha huzipinda kwa moto na kuzibana kwa pete za chuma. Moto huo una kazi ya pili: huunguza uso wa ndani wa pipa, na katika kuungua huko mbao hutoa harufu ya vanila, ya moshi, na hata ya karafuu. Mvinyo hufyonza harufu hizo pamoja na tanini, ile dutu inayokausha ulimi kama chai ya rangi iliyokolea. (Msomaji aliyekulia kandokando ya mashamba ya chai ya Nyamira hahitaji mfano mwingine.)

Aidha, pipa hupumua. Hewa hupenya kidogo kidogo, tanini kali zikalainika na rangi ikatulia. Mvinyo nao hupungua kwa kugeuka mvuke, hivyo sharti pipa lijaziwe kila mara. Hewa ikizidi, mvinyo huwa siki. Ukubwa pia ni hoja. Pipa la Bordeaux hubeba lita 225, na kadiri pipa linavyokuwa dogo ndivyo mvinyo unavyogusana zaidi na mbao.

Lipo jambo jingine ambalo ndilo linalotuvusha hadi Gusii. Chachu ikishamaliza kugeuza sukari kuwa kileo, bakteria hushika zamu na kuigeuza asidi kali, ile ya tofaa bichi, kuwa asidi ya maziwa. Bakteria mashuhuri wa kazi hiyo aliwekwa katika jenasi ya Leuconostoc hadi mwaka wa 1995, alipotengewa jenasi yake. Jenasi hiyo ya Leuconostoc watafiti wameikuta pia katika amabere amaruranu, maziwa yaliyochachuka ya Abagusii, ambayo huliwa kwa ugali wa wimbi. (Mwanaisimu atatambua kwamba mzizi wa amabere tunao katika neno letu kiwele.)

Maziwa hayo huchemshwa, yakapozwa, ndipo yakatiwa kibuyuni. Hapa pana fumbo ambalo ningependa msomaji alitafakari. Kuchemsha huua takriban vijidudu vyote, wabaya kwa wema. Basi ni nani anayeyachachusha? Ni masalio ya maziwa ya awali, pamoja na wale waliojificha katika kuta za kibuyu chenyewe. Kibuyu hakijapakwa kitu cha kuziba vinyweleo vyake. Humo ndimo bakteria na chachu hukaa tangu mkupuo mmoja hadi mwingine. Jirani zao Wakipsigis, ng'ambo ya mpaka wa Nyamira, huongeza moto: husugua ndani ya kibuyu cha mursik kwa makaa ya mti wa senetwet, nayo maziwa yakapata rangi ya kijivu na harufu ya moshi. Fundi wa Bordeaux angeielewa kazi hiyo mara moja.

Hata hivyo, vyombo hivi viwili huzeeka kwa njia zinazopingana. Pipa jipya ndilo tajiri; likishatumiwa mara tatu au nne huwa limetoa karibu harufu yake yote, likabaki kupumua tu. Kibuyu kipya, kwa upande wake, ni kichungu, na hulowekwa na kusuguliwa kabla ya kuaminiwa. Thamani yake huja baadaye, kwa wakazi wanaohamia humo. Kikipasuka, hupotea zaidi ya chombo.

Ndiyo sababu mtungi wa plastiki, ambao umeenea majikoni mwetu, si badala kamili. Kwa usafi nausifu: kibuyu kisichooshwa vizuri hulea pia vijidudu vya maradhi. Lakini plastiki haipumui wala haikumbuki. Maziwa yaliyochemshwa yakitiwa humo bila mbegu yataoza kabla ya kuchachuka. Nyumbani kwetu tulilijua hilo kwa hasara ya lita tano. Sasa hatuoshi mtungi kabla ya kuteka kikombe cha maziwa ya zamani na kukiweka kando.

Limebaki suala la istilahi. Mfasiri anayeandika kwamba mvinyo "umezeeka" pipani anaupunguzia hadhi, kwani kizeecho hudhoofika. Kitenzi kukomaa kinafaa zaidi, kwa kuwa kinabeba muda na ubora kwa pamoja. Kuhusu maziwa, Wakenya walikwisha kujitatulia: huyaita maziwa lala, kwa vile yalilala chomboni.