Vasha ya Masa na Fathe

Ukitaja Vasha huku Umo, mbogi inaskia rali tu. Tangu Safari Rally irudi kwa WRC mwaka wa 2021, baada ya kukosa huko tangu 2002, kila msee wa mtaa ako na picha ya vumbi, kofia na chupa mkononi. Hiyo wikendi bei ya vyumba hupanda hadi watu wanalala kwa ndai, na Jumatatu msee anakopa hata doh ya mathree ya kuenda wera. Sikatai, sherehe ni sherehe. Lakini kuna Vasha ingine, na nilionyeshwa na wazae wangu, watu wenye hawajui hata rali hupitia wapi.

Form ilikuwa ya masa. Alitaka wikendi moja familia yote irudi Naivasha, juu huko ndo fathe alimkatia. Mi, brathe na kasiste ketu tulicheka hadi chai ikapoa. Fathe akatie nani? Huyu mzae wa kuzima TV saa tatu usiku akisema tokeni ni ghali?

Kumbe stori iko. Ilikuwa 2002, ule mwaka Moi alitoka na Kibaki akaingia. Masa alikuwa mresh wa kuchuma waridi kwa shamba moja la maua, anakaa keja ya mabati Karagita. Fathe alikuwa kibarua Industrial Area, keja yake Makadara. Jumamosi akishikishwa ganji ya wiki, anaenda kudandia mathree Nyamakima, huyooo Vasha.

Sasa kukatia dem wa maua ni ngori. Chenye machali wa tao hununulia madem wao, yeye anakishika kutoka asubuhi hadi jioni. Waridi za Valentine lazima ziwahi ndege JKIA zifike Uholanzi na Uingereza kabla ya tarehe 14 Februari, kwa hivyo kuanzia mwisho wa Januari kazi shambani huwa moto. Hiyo siku yenyewe ikifika, wasee wa majuu wanapeana maua na mwenye aliyachuma amelala fofofo, mgongo unamuuma.

Fathe aliisoma hiyo mapema. Hakuwahi kuleta ua hata moja. Alileta soksi. Soksi nzito, za kamera, kutoka Gikomba, juu gambuti za shamba zilikuwa zinamkata masa kisigino.

“Masa, kwani uliingia box na soksi?” brathe akauliza.

“Wengine walikuja na mdomo,” masa akasema. “Huyu aliona natembea vibaya.”

Tulishukia njia ya chini, ya Mai Mahiu. Kabla ufike chini kabisa kuna kale kakanisa kadogo ka mawe, kenye mateka wa vita wa Kiitaliano walijenga 1942 wakitengeneza hiyo barabara. Fathe alitwambia mathree ikipita hapo, alikuwa anaomba akifika Karagita asipate kuna msee mwingine amewahi. Masa akajifanya hajaskia, lakini nilimcheki akigeukia dirisha akicheka.

Tukaishia ziwani upande wa Kamere. Wazae walitaka kutuonyesha mgunga wenye walikuwa wanakalia chini yake Jumapili. Kufika, hakuna pa kukalia. Ziwa limepanda sana miaka hii, na mwisho wa 2025 maji yaliingia hadi mtaa wa Kihoto, watu wakatolewa kejani na boti. Huko ukingoni migunga imesimama ndani ya maji, imekauka, imebaki matawi meupe na ndege juu yake.

Fathe akanyoosha kidole. “Ni ule wa tatu.”

“Wee Baba Kevo, wa tatu ulikuwa wa wavuvi. Wetu ni ule umevunjika.”

Wakaanza kubishana. Fathe anahesabu miti, masa anamshusha mkono, wote wanacheka. Miaka yote nimekaa na hao wasee kwa keja moja, sijawahi waona hivyo. Kasiste akatoa simu mbio.

Boti tulichukua ya kugawana. Mwenye boti aliskia Kiswahili chetu cha tao akapandisha bei, masa akamshusha na Kikuyu cha Karagita hadi jamaa akaita wenzake waje waskie. Viboko tuliwaona kwa umbali, na kwa umbali ndo poa, juu hao hawana stori na mtu. Tukamaliza na samaki wa kukaanga, ugali na kachumbari, mikono imejaa mafuta.

Jumapili tukaingia Hell's Gate na baiskeli. Hiyo ni mbuga ya gava tangu 1984, na ni moja ya zile chache Kenya unapiga pedali katikati ya punda milia na twiga bila kufungiwa kwa gari. Kasiste alitusomea kwa simu venye watu wa Disney walikuja kucheki hayo majabali kabla watoe The Lion King ya 1994. Fathe aliwahi hadi Fischer's Tower kabla yetu wote, kisha akakaa chini akishika goti kimyakimya.

Sasa skiza, msee wangu wa Eastlando. Si tunapost kila kitu, hata chapo. Wazae wetu walipendana na hakuna picha, stori yote iko kwa vichwa vyao, na vichwa vinazeeka. Ganji yenye unapanga kuchoma kwa rali usiku mmoja inaweza peleka familia Vasha na ibaki ya samaki. Kama wako walikatiana Kisumu, Thika ama hapo tu Uhuru Park, warudishe hapo. Waulize nani alianza na alileta nini. Vasha usiku ni baridi, beba jaketi nzito. Boti usipande kabla uvae jaketi ya kuelea. Na simu iwe na chaji, juu wazae wakishaanza kubonga hizo stori, hawarudii.