Tovuti Zilizofichwa na Wakazi wa Kamwokya
Vijana wa Kamwokya hutuuliza iwapo kuendesha tovuti iliyofichwa katika mtandao wa Tor ni kosa. Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta ya mwaka 2011 huadhibu matendo, kama vile ulaghai na kuingilia kompyuta ya mwingine. Hata BBC ina anwani ya namna hiyo tangu 2019.

Mgeni hupitia vituo vitatu, mwenyeji naye vitatu, na hakuna kituo kiwajuacho wote wawili. Anwani yenyewe ni herufi na tarakimu 56, kisha .onion. Hata hivyo, wenye tovuti hizo mara nyingi hufichuliwa na mazoea yao wenyewe. Mwenye Silk Road, soko la dawa za kulevya lililofungwa na Marekani Oktoba 2013, alikuwa amewahi kutafuta fundi kwa baruapepe yenye jina lake!

Linalotusikitisha zaidi ni mnunuzi atapeliwaye humo akanyamaza kwa haya. Na aihifadhi anwani nzima, asipunguze hata herufi moja, pamoja na picha ya skrini na kumbukumbu ya malipo, avilete Kituo cha Polisi cha Kira Road.